Sushi inayozunguka na watoto wadogo: wale nini, waache nini?

"Shikamoo dada. Mume wangu anasoma Kobe, mimi na watoto tumemfuata mwaka huu. Familia ya profesa wake imetualika Jumamosi kwenye mgahawa wa sushi (vile vipande vya wali na samaki), ile inayopita mezani kwenye mkanda. Mkubwa ana miaka saba, mdogo miwili na nusu. Naogopa samaki mbichi, naogopa watoto wasinitie aibu mbele ya watu, na sisi ni Waislamu. Twende au nitoe udhuru?"
Mama wa watoto wawili, mwenyeji wa Tanga

Marahaba, mdogo wangu. Nendeni. Wala msiende kwa kujikaza, maana mgahawa mlioalikwa ndiko Wajapani wenyewe wanakopeleka watoto wao siku za mapumziko. Nimefanya kazi ya lishe ya watoto kwa miaka mingi, na sita kati ya hiyo niliishi Osaka na wanangu wawili, kwa hiyo hapa nakujibu kama mtaalamu na kama mama aliyekwisha kukaa kwenye meza hizo.

Nianze na jambo ambalo hukuniuliza. Hofu yako yote umeielekeza kwa samaki mbichi, na samaki mbichi ni rahisi kumkwepa: humwagizi, basi. Mimi ninachokiogopa kwenye migahawa hii ni bomba la maji ya chai.

Mkishakaa, tazama ukingo wa meza upande wa mkanda. Utaona kibomba kifupi, na kando yake kitufe cheusi kipana kama sarafu. Hakina koki. Unatia unga wa chai ya kijani kwenye kikombe, unagandamiza kitufe kwa kikombe chenyewe, na maji yanashuka yakifuka mvuke. Asiyewahi kukiona huona bomba akawaza kunawa. Na mtoto wa pwani, aliyelelewa kwamba hakuna kugusa chakula kabla ya kunawa, ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka mitano. Alikunja mikono ya shati kama nilivyomfundisha, akaweka kiganja cha kushoto chini ya kibomba, na kwa wa kulia akawa anatafuta pa kubonyeza. Nilimdaka kifundo cha mkono kitufe kimeshaanza kuingia. Matone mawili yaliniangukia mimi, na alama yake ilikaa wiki nzima.

Kwa hiyo Jumamosi mpangane hivi: aliye ukutani, jirani na mkanda na bomba, awe mtu mzima. Mkubwa wako akae katikati. Mdogo awe upande wa njia, kwenye kiti chake cha watoto, na supu zisipitishwe juu ya kichwa chake. Viti hivyo vipo, sema tu "kodomo isu onegai shimasu" wataleta. Kabla hamjagusa kitu chochote, mwonyeshe mkubwa bomba lile, mwambie ni la chai na ni moto. Likitokea la kutokea, mwende na mtoto kwenye maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, hata akilia. Msipake dawa ya meno, wala asali, wala ute wa yai. Namba ya gari la wagonjwa Japani ni 119. Na ipo #8000, simu ya ushauri kwa wazazi mtoto anapougua usiku au sikukuu. Iandike kwenye simu yako leo.

Sasa samaki mbichi. Mdogo asile kabisa. Wataalamu wengi wa watoto Japani huwashauri wazazi wangoje mpaka angalau miaka mitatu, na mimi nakubaliana nao. Sababu kubwa ni bakteria. Yupo mmoja anayeishi kwenye maji ya chumvi, huongezeka joto linapopanda, na tumbo la mtoto mdogo halina nguvu ya kupambana naye kama lako. Mtu mzima ataharisha siku mbili apone, mtoto wa miaka miwili atakaukiwa maji upesi. Jambo la pili ni kimelea kiitwacho anisakisi, kinyoo chembamba kama uzi mweupe, kinachokaa ndani ya samaki wa baharini kama saba. (Hilo ni jina la samaki, ndugu wa vibua wetu. Mwanao akisikia "saba" atakuuliza saba ya nini.) Siki haikiui, chumvi haikiui, wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, pia haikiui. Kinachokiua ni moto wa kutosha, au kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 na zaidi. Sehemu kubwa ya samaki wa kampuni hizi zenye matawi mengi hugandishwa kwanza, ndiyo maana maradhi haya hayasikiki sana mezani kwao.

Mkubwa wa miaka saba, akiwa mzima na akitaka mwenyewe, anaweza kuonja kipande kimoja au viwili. Mpe samoni. Wajapani wa zamani hawakuwa wakimla samoni mbichi, kwa sababu wa kwao ana vimelea. Ni Wanorwe waliokuja kumuuza samoni wa kufugwa miaka ya 1980, na leo ndiye kipenzi cha watoto wa nchi nzima. Samaki huyo hulishwa chakula cha kiwandani, hivyo hatari ya anisakisi ni ndogo sana. Ila asilazimishwe. Mtoto anayesukumiwa kitu mdomoni mbele ya wageni atakichukia kwa miaka kumi. Na kama wewe una mimba, jodari mkubwa, yule wa bei anayeitwa kuromaguro, na mebachi pia, mna zebaki: Wizara ya Afya ya Japani inawataka wajawazito wasizidishe kama gramu 80 kwa wiki. Na mbichi kwa jumla uiache mpaka ujifungue.

Hapo utaniuliza, basi watakula nini? Hili ndilo watu wengi hawalijui: vingi vilivyomo kwenye mgahawa huu vimepikwa. Tamago ni yai la kukaanga, tamu kidogo, limekunjwa tabaka kwa tabaka na kulazwa juu ya wali. Watoto wengi huanza nalo na wengine huishia nalo. Kappa maki ni tango ndani ya wali uliofungwa kwa mwani, na ina hadithi ya kumsimulia mkubwa wako: kappa ni zimwi la mtoni kwenye ngano za Kijapani, na chakula alipendacho kuliko vyote ni tango. Inari ni wali ndani ya mfuko wa tofu (jibini ya soya) iliyokaangwa. Kuna jodari wa kopo aliyechanganywa na mayonezi, kuna mahindi kwa mayonezi (mseto wa ajabu kwetu, wanangu waliusafisha sahani nne), kuna viazi vya kukaanga. Kuna udon, tambi nene laini kwenye mchuzi. Hiyo muagizie mdogo mara tu mnapokaa, kabla njaa haijampandisha sauti. Ikija, ipoze na uikate. Akina mama wa huko hutembea na kimkasi cha chakula kwenye mkoba, kidogo kama cha kukatia kucha. Kinauzwa kwenye maduka ya yeni 100. Kinunue kabla ya Jumamosi, utanishukuru.

Kamba ana mtego wa jina. "Ebi" akiandikwa peke yake kwa kawaida ni wa kuchemsha, mwekundu, amefunguliwa kama kipepeo. "Ama ebi" ni mbichi. Neno la kulikamata ni "nama", maana yake mbichi. Likionekana mahali popote kwenye jina, ruka. Mkunga, anago au unagi, hupikwa daima. Pweza kwa kawaida huchemshwa, ngisi mara nyingi ni mbichi. Na mtego mkubwa kuliko yote ni "aburi": kipande kinapitishiwa moto juu, kinakuja na rangi ya kuchomwa na harufu nzuri, mama anaona kimeiva. Hakijaiva. Moto umegusa ngozi tu, ndani ni mbichi kama alivyotoka. Vilevile negitoro, jodari aliyesagwa na kitunguu: ni laini, unaonekana mzuri kwa asiye na meno, lakini samaki aliyesagwa ameguswaguswa kila upande, na mdogo wako asimguse.

Pweza kwa Kijapani ni "tako". Waambie watoto nyumbani, mapema, wacheke wamalize. Wangu hawakuambiwa, wakaangua kicheko kwenye basi hadi abiria wakageuka.

Kukabwa na chakula nakuweka mbele ya sumu. Pweza na ngisi, hata wa kuchemsha, ni mpira kwa mtoto wa miaka miwili na nusu, kwa hiyo mnyime. Mwani ule mweusi wa kufungia (si mwani wa mashamba ya Unguja na Pemba, huu ni mwembamba kama karatasi) ukilowa hunata kwenye kaakaa na kooni; kwa mdogo uondoe au uukate vipande vidogo. Mayai mekundu ya samoni, ikura, ni duara, yanateleza, yamejaa chumvi, na huleta aleji kwa watoto wengine. Halafu kuna chawanmushi, yai la mvuke kwenye kikombe chenye kifuniko. Ni laini, ni tamu, ni chakula bora kwa mtoto, ila lina mambo mawili. Ndani hukaa moto muda mrefu kuliko juu. Na chini huzikwa mara nyingine kokwa ya manjano iitwayo ginnan. Itafute kwa kijiko uitoe, maana mtoto mdogo akila kadhaa anaweza kupata degedege.

Aleji kwa ujumla: kama mmoja wao ana tatizo la yai, maziwa, ngano, kamba, kaa, karanga, soba (tambi za unga wa buckwheat) au kurumi, ile jozi ya ganda gumu, useme kabla ya kuketi. Vyakula hivi sheria inavitaka viandikwe kwenye vyakula vya paketi. Mgahawa halazimishwi hivyo, lakini kampuni kubwa huweka jedwali kwenye tovuti zao, na wahudumu wamezoea kuulizwa. "Ebi arerugii ga arimasu", nina aleji ya kamba. Soba usiidharau. Jikoni tambi zake na za udon zaweza kupita sufuria moja, na mwenye aleji yake hupata mshtuko mkali. Kama mmoja wa watoto hajawahi kula kamba au kaa, hii siyo siku ya kuvijaribu kwa mara ya kwanza. Jaribu kwako, mchana, kidogo.

Wasabi imekuwa nyepesi siku hizi. Kwenye migahawa ya mkanda sushi nyingi huja bila wasabi, nayo inakaa kando kwenye vipaketi kwa anayetaka. Ukiwa kwingine, sema "sabi nuki". Sosi ya soya ni chumvi tupu: geuza kipande, samaki ndiye aguse sosi, siyo wali, na kwa mdogo acha kabisa, wali wenyewe umeshatiwa chumvi, sukari na siki.

Kuhusu dini. Fatwa siyo kazi yangu. Nitakutajia vilivyomo, mkaamue wewe na mumeo. Sushi ya samaki haina nyama, lakini pombe ya kupikia hupenya mahali kusikotegemewa: mirin kwenye yai la tamago, kwenye sosi tamu ya mkunga, mara nyingine kwenye siki ya wali. Sosi ya soya na miso (soya iliyochachushwa ya kupikia supu) za viwandani zipo zinazotiwa alkoholi ili zisiharibike. Migahawa hii pia huuza tambi za ramen zenye mchuzi wa nguruwe na vipande vya hambagu, ambayo ni nyama ya kusaga, mara nyingi ya ng'ombe na nguruwe pamoja. Na mafuta ya kukaangia yaweza kuwa mamoja. Nimewaona Waislamu wa Osaka wakienda kwa njia tofauti. Wengine hula samaki mtupu bila wali na kubeba kichupa cha soya yao yenye cheti cha halali. Wengine hukaa na wenyeji wao, wakala matunda na kunywa chai, kisha wakarudisha mwaliko nyumbani kwa pilau. Mwambie mumeo amweleze profesa leo, siyo Jumamosi mkiwa mezani. Wajapani hupenda kujua mapema ili wapange, na mgeni anayeshindwa kula mbele yao huwasononesha kuliko unavyodhani. Maswali mawili yatakusaidia: "osake haitte imasu ka", kuna pombe? na "butaniku haitte imasu ka", kuna nguruwe?

Aibu sasa. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana nimeona mama zetu wakiwabana watoto mpaka mlo unageuka msiba.

Zamani sushi ilikuwa kaunta ndogo, mpishi mbele yako, na bei haijaandikwa. Kaunta za namna hiyo bado zipo, nyingine hazipokei watoto, na huko nisingekushauri uende nao. Lakini mwaka 1958 mwenye mgahawa mmoja wa Higashi-Osaka, Yoshiaki Shiraishi, alifungua duka ambalo sahani zilizunguka zenyewe. Wazo alilipata alipotazama chupa za bia zikisafiri kwenye mkanda wa kiwanda cha Asahi. Alihangaika na kasi: ukienda haraka samaki hukauka na wali huruka, ukienda polepole mlaji huchoka kungoja. Akatulia kwenye sentimita 8 kwa sekunde. Maonyesho ya dunia ya Osaka ya 1970 yakaitangaza nchi nzima. Sushi ikawa chakula cha mwenye mshahara mdogo na wanawe. Kwa miaka mingi sahani ilikuwa yeni 100 kabla ya kodi, na ni mwaka 2022 tu kampuni kubwa zilipoanza kuiacha bei hiyo. Kwa hiyo mahali unapokwenda pametengenezwa kwa ajili ya familia yenye kelele. Mtoto kulia dakika tatu hakuwezi kukuabisha. Nyanyuka, toka naye mlangoni, mwonyeshe magari, rudi.

Yapo makosa machache tu yanayowaudhi watu kweli. Sahani ikishaguswa, imechukuliwa. Hairudishwi mkandani. Sahani inayopita ikiwa imeagizwa na meza nyingine haiguswi. Mwaka 2023 video za wateja waliolamba vyombo vya pamoja na kuchezea chakula cha wengine ziliichafua Japani nzima, na tangu hapo kampuni nyingi zimepunguza sahani za kuzunguka ovyo: unaagiza kwenye skrini, kilicho chako kinakuja moja kwa moja, pengine juu ya treni ndogo ya kuchezea. Mkubwa wako ataipenda hiyo treni kuliko chakula. Mwachie kazi ya kubonyeza skrini, ina picha na ina Kiingereza, wewe ukithibitisha kila agizo. Vijiti wasivisimamishe wima kwenye wali, na wasipokezane chakula kijiti kwa kijiti. Yote mawili ni ya mazishi. Wakishindwa vijiti, sushi huliwa kwa mkono na haina kosa lolote, mkono wa kulia aliouzoea mwanao unafaa sana. Kitambaa chenye unyevu mtakacholetewa ndicho cha kusafishia mikono, ingawa ukimpitisha chooni kunawa kwanza utakuwa umemwondoa kwenye bomba la chai.

Muda: wenyeji wenu wakikuuliza, taja saa tano asubuhi, au saa kumi na nusu alasiri. Jumamosi saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni watu hufurika, na mtoto wa miaka miwili na nusu hajui foleni ni nini. Mlangoni kuna mashine ya namba, inauliza watu wazima wangapi, watoto wangapi, meza au kaunta. Chagueni meza.

Wakiwapeleka Kura Sushi, mojawapo ya kampuni hizo kubwa, kuna tundu kwenye meza la kutumbukiza sahani tupu, na kila zikifika tano skrini hucheza mchezo, mtoto akibahatika kidude cha kuchezea kinadondoka ndani ya kibumba. Mkubwa wako atataka kula sahani ya tano ambayo tumbo halina nafasi yake. Kabla hajaianza, ichukue wewe.

Malipo mwachie mwenyeji, bakshishi hakuna, mshindane kidogo tu kwa adabu kisha muache. Wakati wa kuondoka mwinamishe mkubwa kichwa kidogo aseme "gochisoosama deshita". Na kama una kahawa ya nyumbani, peleka paketi. Jina la Kilimanjaro Wajapani wanalijua vizuri kwenye kahawa, na profesa hatahitaji kuuliza imetoka wapi.